Kisanduku cha Ndiyo

Aliyenilea ni mama mkubwa, dada yake mama yangu. Mama alifariki sijaanza hata shule, tukabaki wawili katika nyumba ya mama mkubwa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo, mbele baraza. Vyumba vya nyuma walikaa wapangaji. Maghorofa yalipoanza kuota kila upande, madalali walikuwa wanakuja kumbembeleza auze, naye anawajibu bila kupepesa macho: "Mume wangu katoka hapa na jeneza, na mimi nitatoka hapa na jeneza. Haya, kwaherini." Hakuwa na ombi jingine duniani zaidi ya hilo, kufia ndani ya nyumba ile.

Nasema haya mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nilijua.

Mimi nilikuwa mtu wa vibarua vya ofisini, mikataba mifupi mifupi. Nikaitwa kwenye ofisi moja iliyokuwa inatafuta jibu la swali moja tu: treni ya umeme ya mjini ianzie njia gani. Si ile treni ya mikoani. Hii ilikuwa ya mtaani, ya vituo vya karibu karibu, ya mtu kupanda na kikapu chake. Mezani kulikuwa na njia mbili, na uwezo ulikuwa wa kuanza na moja. Zote zilianzia Magogoni, kwenye kivuko. Ya bluu ilikwenda Upanga na kuendelea huko juu. Nyekundu ilikatiza Kariakoo, ikapita mitaa yetu ya nyuma, ikatokea Mchikichini. Wahandisi walishapima yao. Kilichobaki ni maoni ya wakazi, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, kupita mlango kwa mlango na fomu.

Mimi nilikuwa wa nyekundu, tena wa kufa na kupona. Kuna akina mama wa Kigamboni wanaochukua mitumba Mchikichini. Ukiwaona na mafurushi kichwani, wanapanda daladala hii wanashuka ile, wakifika kivukoni wako hoi. Kisha mtu anakuja kuniambia treni ianzie Upanga, ambako wenzetu wanaendesha magari yao! Nilikuwa napandisha jazba mpaka sauti inakauka. Wenzangu ofisini walinizoea. "Ameanza huyo," wanasema, wanaendelea na chai yao. Na hadi leo naamini kuhusu njia nilikuwa sahihi, jambo ambalo halinipunguzii kitu.

Fomu ilikuwa na swali moja kubwa: Je, unaridhia njia hii ijengwe kwanza? Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Bosi wetu, mhandisi, dada mdogo kwangu kwa umri lakini hana mchezo, alituonya siku ya kwanza kwamba fomu ikirudi haina tiki ni sawa na hukwenda.

Mtaani kwetu nilianza na jirani, mwenye duka la vitenge vya jumla, mtu wa Kilimanjaro. Huyo tulimalizana kwa nusu dakika. "Hapana! Tia hapana, tena uitie hapa hapa nione. Wakifunga mtaa kwa ujenzi, vitenge nitamuuzia nani, wewe?" Nikatia, tukacheka, nikaondoka.

Sasa njoo kwa wazee wetu. Weee! Kwanza shikamoo, marahaba, kaa, kunywa maji, mbona umekonda, mkeo hajambo. Ukimaliza kueleza habari za treni, mzee anaitazama karatasi, anakutazama wewe ambaye alikuona ukikimbia uchi mtaani, anasema, "Haya, baba. Inshallah."

Mgeni angetia Ndiyo pale na akalala usingizi wake. Mimi si mgeni. Kwetu inshallah ziko mbili. Ya kukubali inatoka haraka, mtu anakutazama usoni na kuitajia siku: inshallah kesho baada ya adhuhuri. Ya kukataa inavutwa, macho yako pembeni, na siku haitajwi. Utotoni nilimwomba mama mkubwa baiskeli. "Inshallah, mwanangu," huku anavuta uzi. Baiskeli yenyewe sijaiona mpaka leo. Sisi hatumkatalii mtu aliyesimama mlangoni, hasa mtoto wa nyumbani. Tunamwachia Mungu amkatalie. Dalali atafukuzwa kwa ulimi wa wembe kwa sababu hatuhusu. Mtoto tuliyemlea hatumwambii hapana.

Basi siku ile nilizunguka mtaa mzima nikikusanya inshallah, zote za kuvutwa. Zile fomu nikaziacha bila tiki, nikajiambia nitazifikiria baadaye.

Mama mkubwa nilimweka wa mwisho. Nilimkuta barazani anadarizi kofia, miwani imemshukia puani. Nikaitandaza ramani mkekani. Hakusoma sana, lakini mstari mwekundu aliuona, akauwekea kidole akaufuata taratibu mpaka mahali unapopinda.

"Hapa pana kona," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tuko wapi?"

Nikamwonyesha. Tulikuwa kwenye kona. Nikaanza kuongea haraka haraka: ramani bado haijakamilika, huo mstari ni mnene kuliko reli yenyewe, wataalamu wataisogeza huku au kule, usiwe na wasiwasi. Maneno mengi ya kidalali.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Wewe kazi hii wamekupa ya muda?"

"Ya muda."

"Ikipita huku, watakubakiza?"

"Huenda, mama. Bosi anasema watahitaji mtu anayewajua watu wa hapa."

Akarudisha macho kwenye kofia. Akachoma sindano, akavuta uzi, akachoma tena. "Inshallah, mwanangu."

"Ndiyo au hapana, mama? Fomu inataka jibu moja." Nilisema kwa ukali, Mungu anisamehe, utadhani yeye ndiye aliyekuwa ananichelewesha.

"Si nimeshakujibu?" Hakunitazama. "Ingia ndani, kuna wali na samaki wa nazi nimekufunikia."

Nikaigeuza fomu upande wangu nikatia tiki. Ndiyo. Kisha nikaingia ndani nikala, na nilikula nikashiba. Baada ya kuitia ya kwake, zile za wazee wengine hazikunisumbua hata kidogo. Nilizimaliza zote palepale, sahani ikiwa bado mbele yangu.

Siku ya matokeo tuliitwa kwenye ukumbi wa shule ya jirani. Bosi akasimama na kueleza vizuri, maana alikuwa mtu wa haki na hakujua lolote. Upanga, alisema, watu wengi wamekataa waziwazi, wameandika na barua na kutia saini. Lakini mitaa ya Kariakoo, hasa huu wetu, karibu wote wameridhia, na kwa moyo huo nyekundu ndiyo itakayoanza. Akawashukuru wazee. Akapiga makofi yeye mwenyewe, wafanyakazi wa ofisi wakafuatia.

Wazee wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anajua alichosema na alivyokisema. Hakusimama hata mmoja. Kusimama kungekuwa kuniita mwongo mbele ya watu, na mimi ni mtoto wao, kwa hiyo wakaamua kunisitiri. Aliyesimama ni mwenye duka la vitenge.

"Jamani, hawa hawataki! Mimi nakaa nao, kila siku nawasikia wanalia na hiyo kona. Nani kaandika wanataka?" Akanigeukia. "Ninyi watu wa pwani, kwani mna nini? Semeni!"

Bosi naye akanitazama. Mama mkubwa alikuwa safu ya pili, mtandio mweupe, mikono mapajani. Nilikuwa na nafasi. Ingetosha kusema naomba zile fomu zirudiwe. Aibu ingekuwa yangu, mkataba ungekwisha, basi, na mikataba kwangu ilikuwa inakwisha kila mara.

Nikasema, "Fomu zipo ofisini. Anayetaka akazitazame."

Mama mkubwa akainamisha kichwa. Tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu, akaniuliza bei ya mchele imefikia wapi, nikamjibu.

Walikuja vijana na rangi wakapiga X ukutani, karibu na dirisha lake. Alikaa na ile X miezi, anafagia baraza, anaweka mkeka, anadarizi mgongo ukiwa ukutani. Mimi nilibakizwa kazini kama nilivyotaka. Siku ya kuhama wapangaji walilia kwa sauti. Yeye alizunguka vyumba vyote sita, akafunga kila mlango kana kwamba anakwenda harusini na atarudi. Nikamchukua kwangu Chanika, pembezoni mwa jiji. Ni nyumba nzuri, ina geti na vigae, na yeye hamjui mtu hata mmoja mtaa mzima. Kofia hakushona tena. Alisema mwanga wa huko si mzuri, na mwanga wa huko ni mkali ajabu.

Nyumba ya Kariakoo ilivunjwa asubuhi moja tu. Mpaka ninapoandika haya reli haijalazwa. Pamezungushiwa mabati, na akina mama wa Kigamboni wanapita pembeni yake na mafurushi yao vilevile. Mama mkubwa hakumaliza mwaka. Alifariki Chanika, katika chumba nilichompa.

Siku chache kabla, nilikuwa namlisha uji. Akauzuia mkono wangu.

"Nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza, mama."

"Siku ile ya fomu. Nilivyokujibu, hukunielewa?"

Nilikaa na kijiko mkononi. Nikamwona jinsi alivyokuwa ananiangalia, nikaelewa kwamba swali hili amelala nalo na kuamka nalo tangu siku ya ukumbi. Nilitaka kumwambia kweli. Wallahi nilitaka. Lakini kweli ingempa mtoto aliyemwelewa na bado akamtoa kwake.

"Sikukuelewa, mama."

Akashusha pumzi, macho yakamjaa machozi, na akatabasamu. "Alhamdulillahi. Mimi nilikuwa naogopa labda ulinielewa."

Nikarudisha kijiko bakulini.

"Basi kosa ni langu," akaendelea. "Umesoma, unataka neno lililonyooka, na mimi nikakuzungusha. Nikakutia lawamani na mtaa mzima, wanakuona mbaya bure. Nisamehe, mwanangu."

"Mama, acha hayo."

"La. Liseme neno lenyewe. Sitaki kuondoka nalo."

Akanishika mkono, akanikazia macho, akangoja. Alikuwa na haki ya kungoja. Mtu anayekufa haachwi hivi hivi. Nikaweka bakuli chini.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.