Doa la Chini

Mtunza funguo wa hekalu letu la juu hukohoa kabla ya kufungua mlango, kama anayebisha hodi, ingawa watawa walishahamia bondeni na ndani wamebaki Mabudha wa ukutani tu. Kila baridi inapoisha hukanda donge la unga wa shayiri, akalibingirisha polepole juu ya michoro ile ili linase masizi ya taa za siagi. Vidole vyake vimepinda, lakini hajawahi kukwaruza hata ukope wa Budha. Mwaka huu nilimpandishia maji. Pale mlangoni, ambapo waumini huegemeza paji la uso, aliyatoa madoa yote ya mafuta ya nywele, akabakiza moja, chini kuliko mengine.

“Babu, hilo umelisahau.”

“Nimesahau wapi! Yangdol wangu alikuwa mfupi, wewe humkumbuki? Nilikuwa namtania: mke wangu, unasali au unatafuta sindano?”

Alicheka peke yake, kisha akanituma nikamwage maji machafu. Niliporudi nilimkuta amekunja magoti hadi kimo cha mkewe, paji lake juu ya doa lile. Akakohoa kile kikohozi chake cha mlangoni, akasubiri.