Stashahada Yangu na Mpunga wa Chimala

Siku yangu ya kwanza wodini Mbeya, miaka ya sabini, niliingia na koti jeupe lililopigwa pasi mara mbili. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na stashahada ya utabibu, mimi niliyejilipia karo kwa kupasua kuni. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kuipata.

Kitanda cha sita alilala Mzee Mwashambwa, mkulima wa mpunga kutoka Chimala. Saratani ya ini ilikuwa imemmaliza, tumbo limejaa maji. Nilimtundikia dripu ya tatu.

Mganga Mkuu akasimama nyuma yangu. "Bwana Stashahada, hiyo dripu itapunguza saratani?"

"Hapana, Mganga Mkuu."

"Maumivu je?"

"Hapana."

"Mwenyewe anataka nini?"

"Hajasema."

"Hajaulizwa!"

Siku hizi mnaiita tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa pale dawa zinaposhindwa kumponya. Sisi hatukuwa na jina lake. Tulikuwa na maswali hayo matatu tu, na hayo ndiyo niliyokuja kuwafundisha wauguzi wote nilipohamishiwa Iringa.

Nikamuuliza mzee. Akacheka kwa shida. "Mpunga wangu unaiva, dokta, na mimi natazama dari. Nirudisheni nyumbani."

Mkewe, Mama Sikujua, akashtuka. "Nikimrudisha hivi, shemeji zangu watasema nimemtoa hospitali afe. Watanifukuza."

Nilimwelewa. Mganga Mkuu akasaini mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, nami nikamfundisha mama kuipima kwa kijiko. Kisha nikapanda nao gari la hospitali hadi Chimala.

Kaka wa mgonjwa alitupokea kwa ukali. "Nani kaamua hivi? Huyu mwanamke?"

"Nimeamua mimi," nikasema, nimeinua kidevu. "Nimesomea ng'ambo. Wa kulaumiwa ni mimi. Mama huyu mpeni kiti, amechoka."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kola. Kisha akaleta kiti.

Baadaye Mama Sikujua alikuja wodini na mchele mpya kwenye kikapu. Mzee alikuwa amezikwa. "Alikaa pembeni ya jaruba siku zote za mavuno," akasema, "akiwagombeza wavunaji kwamba wanavuna kama wamelala. Usiku alilala usingizi. Na mimi bado niko kwangu."

Nimestaafu sasa. Stashahada imetundikwa sebuleni, na wageni huniuliza nilipata nini kwayo. Nami huwajibu kwamba iliwahi kumpatia mama mmoja kiti.