Mama Aliyesimama Kipilefti

Mdogo wangu wa kiume ni fundi ujenzi, na hajawahi kuishi mji mkubwa kuliko Same. Mimi kazi ya kuuza dawa za mifugo ilinizungusha Moshi, Arusha, Dodoma, hadi Mwanza. Kila nilikofika aliniomba nimpigie picha sanamu zilizosimama barabarani. Ndipo nikaanza kuziona. Kabla ya hapo nilizipita kama mtu anavyopita nguzo za umeme.

"Zunguka na nyuma, dada," alikuwa akiniambia kwenye simu. "Mbele kila fundi anajitahidi. Nyuma ndiko utakakojua kama aliipenda kazi yake."

Wafanyabiashara wa sokoni Same walipotaka sanamu ya kupamba kipilefti, ule mzunguko wa barabara mbele ya soko, walimpa yeye. Alifunga nondo, akazivisha wavu wa chuma, akapaka saruji kidogo kidogo, huku amezungushia maturubai watu wasichungulie. Siku yalipoondolewa nilikuwa Dodoma. Alinitumia picha moja tu, aliyoipiga kutoka nyuma: mwanamke amejitwika mkungu wa ndizi.

Nilimtambua kwa shingo. Mama yetu alishuka na ndizi kutoka Bombo, kijijini kwetu milimani, miaka yote tuliyosoma, na shingo yake ilikuwa imelalia kushoto kidogo. Tulikuwa tumemzika masika yaliyopita. Niliketi kwenye ngazi za duka la watu nikalia, na mwenye duka akaniletea maji bila kuuliza kitu.

Hatukumwambia mtu. Lakini baba alishuka siku ya gulio kuuza maharage, akapita pale, na mdogo wangu akamwona akivua kofia. Tangu hapo akawa anashuka kila gulio, hata akiwa hana cha kuuza, anakaa kwenye benchi la fundi viatu, ameelekea kipilefti. Nilipokuja likizo nilimkuta hapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Alinisogezea nafasi. Akainua kidevu kuelekea sanamu, akasema, "Afadhali amemweka sokoni. Mama yenu nyumbani alikuwa hakai."

Wasafiri walipiga picha na ile sanamu na kuzituma huko waendako. Siku moja Mwanza, mfanyakazi mwenzangu alinionyesha simu yake. "Umeshafika Same? Kuna sanamu ya mama mmoja pale, utafikiri anataka kukusalimia." Nikamjibu kwamba nimefika.

Baada ya miaka kadhaa barabara ikapanuliwa, na kipilefti kikatakiwa kuondolewa. Mdogo wangu aliomba aiondoe sanamu mwenyewe, na msimamizi wa kazi, mtu muungwana, akampa hadi kreni. Mdogo wangu akachimba taratibu kuzunguka miguu. Kumbe ndani nondo zilikuwa zimeliwa na kutu. Walipoinyanyua, ikakatika kiunoni, ikaanguka kifudifudi na kuvunjika vipande vipande.

Baba alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Baba aliokota kipande cha ndizi ya saruji, akakitazama, akakirudisha chini palepale alipokitoa. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa, viganja usoni, na vibarua wakasogea pembeni kumpisha.

Tulimpandisha baba Bombo. Kesho yake hakutoka kitandani. Nilipompelekea uji aliugeukia ukuta.

"Mama yenu alipofariki, watu walijaa uani," alisema. "Walilala hapa. Safari hii hakuna aliyekuja."

Nilitoka nikaenda kwa jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akishuka na mama gulioni, nikamweleza yote. Alitaka kucheka, nikamwona akijizuia. Kisha akafunga khanga yake vizuri, akawapitia wenzake wawili, wakaja. Walikaa barazani na baba hadi ng'ombe wakarudi. Walimpa pole kama anavyopewa mfiwa, naye akaipokea ya kila mmoja kwa mikono miwili. Jioni alikula.

Aliishi hadi mvua za vuli. Tulimlaza kando ya mama, na juu ya kaburi mdogo wangu alisakafia saruji tupu, bila ua wala msalaba wa kuchora.

Siku hizi anajenga matangi ya maji. Juzi alikuja mtu wa Mwanga, anataka simba wawili wa kuweka getini kwake, amesikia sifa zake. Mdogo wangu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa upole kwamba kazi hiyo haijui. Nilikuwa nimeketi hapohapo, nikaangalia chini.