Shangazi Kamera na Mkanda wa Kuokotwa

Shangazi Kamera alikuwa ameshapiga video za harusi mia nane na ushee, na katika zote hizo hakuwahi kuketi. Jina lake halisi watu walikuwa wamekwisha kulisahau. Watoto wa kaka yake walimwita shangazi, majirani wakaongeza kamera, likamganda. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mfupi, bega la kulia limeshuka kidogo kwa uzito wa kazi, na mikono yake ilitulia kama imejengewa. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Aliweza kushuka ngazi kinyumenyume mbele ya maharusi, na picha isicheze hata chembe.

Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa na chumba cha sinema nyuma ya duka la ushonaji la mumewe. Kilikuwa na viti arobaini vya plastiki, projekta ya mtumba, shuka jeupe ukutani, na mapazia mazito yaliyoungwa kwa mabaki ya vitambaa vya suti. Kila Jumamosi alasiri wifi alionyesha filamu, na sheria yake ilikuwa moja: hutoki mpaka utoe maoni. Alisimama mlangoni na daftari, akaandika neno kwa neno, kisha akazibandika kurasa nje, wapita njia wasome. Wengine walikuja kwa ajili ya kurasa zile kuliko filamu yenyewe.

Jumamosi moja akaleta filamu ya kutisha kutoka Brazili, ya bajeti ndogo, ya mtindo ule wa mkanda wa kuokotwa: unaambiwa waliopiga picha hizi wametoweka, kilichopatikana ni kamera yao tu. Ndugu watatu wanaingia katika nyumba ya marehemu mjomba wao kupiga picha vyumba, wapate kuiuza. Dada yao mdogo ndiye ameshika kamera. Wanahesabu milango, unazidi mmoja. Baada ya hapo ni kukimbia, kuhema na giza, na maneno ya Kireno ambayo wifi aliyatafsiri kwa kusoma maandishi ya chini, kwa sauti ileile anayoitia wateja.

Taa ilipowashwa, daftari likafunguliwa.

"Huyo mshika kamera apelekwe hospitali," alisema kinyozi wa mtaa, ambaye daima alikuwa wa kwanza kusema. "Mikono inamtetemeka. Nikinyoa hivyo nitakata mtu sikio."

"Andika kwamba nimetazama sakafu ya Wabrazili saa nzima na robo," alisema fundi bomba. "Vigae vizuri, sikatai. Lakini shetani mwenyewe sijamwona hata ukucha."

Muuguzi mstaafu, mama wa makamo aliyependa kiti cha nyuma, alisema yeye alikaa miguu juu ya kiti tangu ule mlango wa ziada. Hakuna aliyemsikiliza. Wengine wote waliimba wimbo mmoja: picha inacheza, hakuna kinachoonekana, tumepotezewa alasiri.

Wifi akamgeukia Shangazi Kamera. "Na wewe, wifi yangu?"

"Nzuri sana," akajibu. "Nao wameogopa, ila wanaona aibu."

"Nani kaogopa?" aliuliza kinyozi.

"Wewe. Walipofika mlango wa stoo ulivua kofia ukajizibia mdomo. Fundi bomba alimshika jirani yake mkono, na jirani mwenyewe hakujua mpaka ulipoachiwa."

Chumba kizima kikacheka, maana ilikuwa kweli. Miaka ishirini na kitu ya kazi ilikuwa imemzoesha kutazama nyuso za watu kuliko jukwaa. Akawaeleza, bila papara, kwamba mtu mwenye hofu ya kweli hawezi kuelekeza kamera vizuri. Yule aliyeipiga alijua anachofanya, na wao wamelalamikia kitu kilekile kilichowashika koo.

Kinyozi alikuwa ameguswa pabaya. "Kama ni rahisi hivyo, tengeneza ya kwako."

"Nipe wiki tatu," akasema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Hakuwa ametia chumvi. Njia nzima hadi nyumbani filamu ilikuwa inajipanga kichwani. Ingekuwa mkanda wa harusi: mpiga picha amebaki ukumbini peke yake kukusanya nyaya, wageni wameshaondoka, na kipaza sauti kinaanza kugongwagongwa na mtu asiyeonekana. Ukumbi alikuwa nao, ule aliofanyia kazi kila mwisho wa wiki. Msimamizi wake alimwachia ufunguo siku za Jumanne mchana. Bibi harusi wa kizimwi angekuwa wifi, ambaye alikubali kabla hajamaliza kuombwa na akaanza kujishonea shela siku hiyohiyo.

Kilichomshinda kilikuwa mikono. Ilikataa kutetemeka. Akiitikisa makusudi, picha ilionekana kama mtu anachekecha unga. Alijaribu Jumanne nzima, akafuta kila kitu. Jumanne ya pili alikuja na raba miguuni, na kabla ya kila kipande alipanda na kushuka ngazi za ukumbi mbio mara sita, mpaka pumzi ikakatika na magoti yakalegea. Hapo ndipo akabonyeza kitufe. Picha ikayumba yenyewe, na kuhema kulikosikika hakukuwa kwa kuigiza.

"Utakufa na filamu hujaimaliza," wifi alimwambia, amekaa na shela lake anapepea uso.

"Basi utaiokota," akajibu, akapanda tena ngazi.

Jumamosi ya ahadi viti vilijaa, wengine wakasimama. Filamu ilikuwa ya dakika ishirini na mbili. Dakika ya tano wifi alitokea na shela, na chumba kikaangua kicheko ambacho hakikupoa tena. Mtu alimwuliza shela ataliuza kwa nani baadaye. Mwenyewe alikuwa mlangoni na daftari, uso umemwiva.

Shangazi Kamera akalichukua lile daftari mkononi mwake. "Leo naandika mimi. Semeni."

Wakasema. Kinyozi alisema zimwi linatembea kama linawahi foleni. Mwingine alisema hata aliyewasha taa mwishoni alimtisha zaidi. Fundi bomba akaja na la kitaalamu: ile sauti ya maji yanayodondoka ni ya uongo, bomba bovu halidondoshi kwa kuhesabu namna ile. Aliandika yote kwa mwandiko mzuri, hakujitetea hata kwa neno moja. Wa mwisho alikuwa muuguzi mstaafu.

"Mimi nimeogopa mara moja tu," alisema. "Pale ulipoiweka kamera mezani, ikawa inatazama viti vitupu. Hakikutokea kitu. Nikatamani mtu aje aiondoe."

Shangazi Kamera akaliandika hilo, akalipigia mstari.

Mtu mwingine angerudi nyumbani kichwa chini. Yeye alirudi anatembea haraka. Alikuwa amefungua mkanda wa harusi mara nyingi mno mbele ya mama wa bibi harusi asiyeridhika. Alijua kwamba katika maneno ishirini ya kuudhi, moja huwa ndilo la kazi. Akakata. Akaliondoa zimwi lote, shela na vyote. Wifi alinuna siku mbili, chai akampelekea kwa kumtuma mumewe, lakini siku ya tatu alikuja mwenyewe akaketi kando ya kompyuta akaanza kusema, "Kata na hapo pia." Fundi bomba aliitwa kuleta sauti ya bomba bovu la kweli. Alikuja na matatu, wachague. Zikabaki dakika kumi na moja. Kamera iko mezani. Viti viko kwenye safu, vyote vinatazama jukwaa. Maji yanadondoka yapendavyo. Picha inakatika, inarudi, na kiti kimoja katika safu ya nne kimegeuka kuitazama kamera.

Wifi aliionyesha bila kutangaza, kabla ya filamu ya wiki. Watu walianza na vicheko vya akiba, wakimngoja mwenye shela. Hakuja. Vicheko vikapungua, vikaisha, na kiti kilipogeuka alisikika mtu mmoja tu akivuta pumzi. Taa ilipowashwa kinyozi alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono kwenye pazia. Alisema alitaka hewa.

Daftari likafunguliwa. Si wote waliosifu. Mzee mmoja alisema haina mwisho, na filamu isiyo na mwisho ni kama suruali isiyo na kiuno. Wifi aliandika hilo, kisha akaandika la kwake: bila yeye imekuwa bora, na hilo hatalirudia tena kwa mdomo. Muuguzi mstaafu alisema tu kwamba atahamia kiti cha mbele.

Kinyozi alingoja wengine watoke. "Kile kiti," akauliza, "nani kakigeuza?"

"Mimi nilikigeuza. Nilizima kamera, nikakigeuza, nikawasha."

"Najua. Nauliza ndani ya filamu."

"Huko sijui," alisema Shangazi Kamera. "Wewe ulimwona nani?"

Kinyozi akafikiri, kofia mkononi, na jibu alilotoa lilikuwa refu. Alimchora mtu kamili kwa maneno: kavaa nini, kaingilia mlango upi, anataka nini. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye picha. Shangazi Kamera alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia wifi aandike yote hayo, ukurasa mzima, aubandike wa kwanza.