Msichana Aliyesema Amesikia Tu

Siku yangu ya kwanza kama mwalimu wa nidhamu, katika shule ya bweni karibu na Marani, mkuu wa shule alinikabidhi daftari la matukio kabla hajanionyesha kiti. "Mwalimu," akasema, "watu wa hapa hula uvumi kama wanavyokula ndizi. Humu haliingii neno ambalo msemaji hakuliona kwa macho yake na kulitilia sahihi." Nililipenda agizo hilo. Nililibeba katika shule tatu, hadi nikawa naibu wa mkuu katika shule ya wasichana huko Nyamira.

Zamani uonevu ulikuwa na alama: mkono uliovimba, sanduku lililovunjwa. Kisha zikaja simu. Tulizipiga marufuku, aliyepatikana nayo alirudishwa nyumbani majuma mawili. Tukadhani tumemaliza.

Adhuhuri moja Kemunto wa kidato cha pili alisimama mlangoni pangu, mikono ameificha ndani ya sweta.

"Mwalimu, kuna kikundi cha WhatsApp. Wameweka picha yangu. Wanaandika eti nife, wanaulizana siku gani."

"Umeyaona maandishi hayo kwa macho yako?"

Alitazama nyuma, kuelekea ukumbini. Sasa najua alichokuwa akipima: kusema ndiyo kulikuwa kukiri kwamba ana simu.

"Nimesikia tu, Mwalimu."

"Basi huo ni uvumi. Rudi darasani."

Nje, sauti ikampokea: "Karibu, marehemu! Umepewa ruhusa ya mazishi?" Wakacheka. Nikauchukulia kuwa utani wa wasichana.

Saa kumi, majina yalipoitwa, Kemunto hakuitika. Viatu vyake tulivikuta ukingoni mwa mto ulio chini ya shule, vimepangwa pamoja, soksi ndani. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Siku hiyo sikuweza kukadiria kina cha maji yale. Matroni, mlezi wa bweni, alikuwa kando yangu.

"Hizo meseji mimi nilizisoma, Mwalimu. Niliogopa ungenitaka niandike taarifa na kuitilia sahihi."

Mchuma chai mmoja alimkuta Kemunto ng'ambo ya mto, ameketi kati ya mistari ya michai, sketi imelowa hadi kiunoni. Alikuwa hai. Mama yake alipofika hakunisalimu. Alimfunika bintiye leso aliyokuwa amejifunga, ndipo akaniuliza:

"Alikuja kwako?"

"Alikuja, mama."

"Ukamwambia nini?"

Nilifungua daftari la matukio, nikaandika: *Alikuja saa saba. Nilimrudisha.* Nikatia sahihi. Tangu juma lile, mwanafunzi aliyeleta simu yake kuonyesha vitisho hakuadhibiwa, na zililetwa nyingi kuliko nilivyothubutu kuwaza.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani karibu na Nyakoe. Uvumi bado siuamini. Lakini mjukuu wangu akirudi kutoka shuleni na kusema, "Babu, kuna kitu nimesikia tu," naona viatu vile ukingoni. Naweka kikombe chini, nami namwambia: "Keti. Umesikia nini?"