Bangili ya Baba na Video Yangu

Jamani, mshawahi kuona mtu mzima anatimua mbio barabarani, povu la kunyolea limejaa shavu moja?

Mimi nimeona. Alikuwa mteja, anamkimbia baba yangu.

Baba ni kinyozi. Miaka thelathini na wembe. Halafu ugonjwa wa Parkinson ukabisha hodi, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Ndipo yule mteja akachomoka na povu lake.

"Jumamosi namnyoa Mwalimu," akasema. "Nikishindwa, kiti nauza."

Mwalimu ni mstaafu, mteja wake wa kwanza kabisa. Shingo yake haijui kinyozi mwingine.

Kliniki wakasema dawa aendelee nazo, wakamwongezea bangili. Unaivaa dakika arobaini, inapitisha vijimshtuko vya umeme kwenye mishipa ya fahamu ya mkono, mtetemeko unapungua kwa muda. Nesi akaonya: siyo tiba, na siyo kila mtu inamkubali.

Maelekezo yote nikarekodi. Na mimi nikajiweka kwenye picha, maana siku hiyo nilipendeza balaa.

Nyumbani, ubishi.

"We mtoto, si nesi aliivalisha kwenye huu unaotetemeka?"

"Baba, tazama video. Kushoto!"

"Sasa huu wa kushoto unaumwa nini?"

"Umeme unavuka, baba. Hii ni sayansi."

Mama akaguna. "Haya, daktari wa simu."

Siku nne mkono wa kushoto ukala umeme. Wa kulia? Kijiko kilikuwa kinapiga ngoma kwenye kikombe.

Jumamosi ikafika. Mwalimu kaketi, povu tayari. Wembe ukacheza hewani.

Baba akaushusha. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta mkono wa kile kiti, taratibu, kama anayekiaga.



"Ngoja kwanza," Mwalimu akasema. "Hebu hiyo video."

Akavaa miwani.

"Mwanangu, hospitali gani hii inayoandika ukutani 'Usivute Sigara' kuanzia nyuma?"



Kamera ya selfi! Ilikuwa imegeuza kila kitu. Kulia ikawa kushoto.

"Umeme unavuka, eeh?" baba akasema.

Bangili ikahamia kulia. Dakika arobaini Mwalimu hakubanduka, povu likamkaukia usoni kama chokaa. Tukampaka jipya.

Mkono haukutulia wote. Ulitulia wa kutosha. Wembe ukateleza, shavu la kwanza, la pili, kidevu. Hakuna hata mkwaruzo!

"Kiti hakiuzwi," Mwalimu akasema, anajipapasa. "Nitakaa wapi mimi?"

Mimi nilikuwa narekodi. Safari hii kamera ya nyuma.

Jioni baba akaitazama video. Picha inaruka huku, inaruka kule, Mwalimu ana pua tatu.

"Huyu anayetetemeka ni nani?"

"Mimi, baba. Niliogopa."

Akachukua bangili mezani.

"Lete mkono. Ule uliokuwa na simu."

Jamani, ukimpeleka mzazi wako kliniki, geuza kamera. Mgonjwa ni yeye, siyo wewe.