Niliziba matundu matano ya nyumba kabla ya kwenda kupumzika Bukavu. Tuliporudi, kiberiti kilikataa kuwaka chini

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Kiswahili changu ni cha huku, kwa hiyo mukikutana na "mutu" na "mulango" musishangae, mutanielewa tu. Ninayoleta hapa niliyaona kwa macho yangu. Muke wangu aliyaona, na jirani yetu pia. Sikuongeza kitu.

Kuna sehemu ambayo hata mimi sijaielewa mpaka leo. Hiyo ndiyo imenifanya nifungue uzi.

Mimi ni karani kwa mufanyabiashara mmoja wa Birere. Tunapanga nyumba upande wa magharibi wa mji, si mbali sana na ziwa. Nyumba za huku zimekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Ukichimba kidogo tu unagonga jiwe.

Nyumba yetu iko kwenye muteremuko. Kutoka jikoni unashuka ngazi tatu, unaingia chumba kidogo tunachoita depo. Humo tunaweka makala, yaani makaa ya kupikia, bidoni za maji, na vitu vya zamani ambavyo hakuna mutu anataka kuvitupa.

Chini kabisa ya ukuta wa hiyo depo, upande wa nje, kulikuwa na matundu matano. Kila moja ukubwa wa ngumi, na wavu wa chuma juu yake. Tulipohamia nilifikiri fundi aliishiwa mawe.

Basi, nikapewa kongé, yaani likizo, ya wiki tatu. Tukapanga kwenda Bukavu kwa wazazi wangu, mimi, muke wangu na mutoto wetu Neema, wa miaka saba.

Mimi ni mutu wa kutengeneza vitu mapema. Wiki nzima nilikuwa naitayarisha nyumba kama vile naipeleka mutihani.

Frigo tuliimaliza, tukaiosha, tukaiacha wazi na kitambaa katikati ya mulango wake isinuke. Unga na maharagi tukagawa. Pipa la maji nikalifunika na kulifunga kamba. Dirisha moja la depo nikaligongelea ubao. Nikanunua kufuli mbili mpya Birere.

Nikabakiza matundu. Mimi nilikuwa naona panya, nyoka, na muwizi mwenye mukono mwembamba. Nikakoroga simenti.

Nikiwa nimeinama pale nje, jirani yetu akasimama upande wa pili wa ukuta. Anaitwa Mama Kavira, mujane, mutu wa Butembo, anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Uwanja wake uko chini yetu kidogo.

"Papa Neema, unafunga hayo matundu?"

"Ndiyo mama. Tunasafiri."

"Usiyafunge."

Nikamuuliza kwa nini. Akafikiri kidogo.

"Sijue sababu. Muzee aliyekaa hapo kabla yenu hakuyafungaka. Alisemaka nyumba hii inaomba kupumua. Kama unaogopa kuyaacha wazi, uniachie ufunguo wa jikoni. Nitakuwa nafungua milango asubuhi, nafunga mangaribi."

Wakuu, niseme ukweli. Nilipoteza hamu ya kusikiliza pale aliposema ufunguo. Nilijiambia, huyu mama anataka kujua tuna nini ndani. Nikamushukuru kwa adabu, nikaendelea na simenti.

Muke wangu alisikia yote. Jioni aliniuliza, "Nyumba kupumua ni nini?" Nikamwambia ni maneno ya watu.

Asubuhi ya safari nilikata umeme kwenye kijumba cha mita, nikafunga kila mulango, nikavuta kila kufuli mara mbili. Kwenye boti nilikaa na roho nyeupe kabisa.

Bukavu ilikuwa nzuri, sitawachosha nayo. Ila jambo moja. Siku ya kurudi Neema alilia kwamba anataka kubaki kwa nyanya yake wiki moja zaidi. Nilikataa, mama yangu akasisitiza, nikakubali huku nimekasirika.

Tukafika nyumbani kama saa saba mchana, sisi wawili. Kufuli ziko sawa. Frigo hainuki. Vumbi kidogo tu kwenye meza. Nilikuwa nataka kujipongeza.

Muke wangu akafungua mulango wa depo, akashuka kuchukua makala apike chai. Nikasikia bakuli inaanguka.

Nikamukuta ameketi kwenye ngazi ya juu, ameshika kichwa, anapumua haraka kama mutu aliyepanda mulima.

"Niliinama tu," akasema. "Niliinama kuchota, kichwa kikazunguka. Hata sijui nilipandaje."

Nikadhani ni njaa ya safari. Nikamutoa nje kwenye upepo, nikamupa maji. Halafu nikarudi kuchukua makala mimi.

Ndani kulikuwa giza, ubao niliupigilia mimi mwenyewe, na umeme nilikuwa sijarudisha. Nikawasha kiberiti mulangoni, kikawaka vizuri. Nikashuka ngazi moja, nikapeleka mukono chini nione bakuli imeanguka wapi.

Kikazimika.

Si kama upepo umekipuliza. Kilizimika polepole, kama mutu amekichovya ndani ya maji.

Nikawasha cha pili. Juu kinawaka. Nikiteremusha kinakufa. Cha tatu hivyo hivyo, na mahali palepale, usawa wa goti la mutu aliyesimama chini. Kabla cha tatu hakijazimika niliona sakafu. Mende wengi wamelala migongo juu. Panya wawili karibu na gunia. Mujusi mmoja. Hakuna damu, hakuna harufu, hakuna kitu.

Nilitoka humo kinyumenyume.

Mama Kavira alikuwa amekuja kutusalimia. Nikamwonyesha kutoka juu ya ngazi, kiberiti kingine. Akaangalia kikizimika, akanivuta shati.

"Mazuku," akasema. "Papa Neema, hii ni mazuku."

Kwa wale ambao hawako huku: mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini, ndani ya mawe ya volkano. Ni nzito, inakaa mashimoni kama maji. Neno nililijua, mutu yeyote wa Goma analijua. Lakini mimi nilizaliwa Bukavu, kichwani mwangu mazuku ilikuwa kitu cha porini, mahali mbuzi anapotea. Sikujua inaweza kuwa mupangaji.

Sasa sikieni hili.

Mama Kavira akasema zamani kwao watu walikuwa wanaipima na buji, yaani mushumaa. Nikafunga buji kwenye ncha ya kijiti kirefu. Tukafungua milango yote ya juu, nikabaki jikoni, nikaiteremusha. Ikafika mahali palepale, ikazimika. Nikaweka alama ya makala kwenye ukuta.

Halafu nikauliza, kama inakaa kama maji, inachoteka?

Muke wangu hakutaka. Lakini mimi roho ilikuwa imeshikwa. Nikafunga kamba kwenye ndoo, nikaiteremusha mpaka chini, nikaivuta polepole. Ndoo tupu. Ukiangalia ndani unaona ndoo tu. Tukaipeleka nje, tukawasha buji chini penye utulivu, nikainamisha ndoo juu yake kama mutu anayemwaga maji.

Buji ikazimika.

Muke wangu akafanya ishara ya musalaba. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kila siku makala tunamutuma Neema."

Wakuu, hapo nikapiga hesabu. Goti langu kwa Neema ni karibu na kiuno. Na akiinama kuchota...

Nikachukua nyundo nikaenda kuvunja simenti yangu. Mama Kavira akanisimamisha: "Ngoja nitoe kwanza kuku wangu." Alikuwa na haki, uwanja wake ndio uko chini. Akahamisha kuku mbele ya nyumba, nami nikavunja nikiwa nimesimama pembeni. Sikusikia kitu chochote. Lakini buji nikiiweka mbele ya tundu, inazimika.

Siku ya kwanza alama ilishuka nusu. Siku ya tatu ikabaki vidole viwili tu juu ya sakafu, na mpaka leo inacheza karibu na hapo. Makala tumezihamishia jikoni. Depo tumeifunga kwa kufuli, matundu yako wazi.

Nilimwomba Mama Kavira msamaha. Nilimwambia wazi nilichokuwa nimefikiri kuhusu ufunguo. Akanijibu, "Nilijua. Ulikuwa unaangalia mukono wangu."

Habari ikatembea kwenye avenue. Watu wakaanza kuja: Papa Neema, lete kijiti chako. Nyumba ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna.

Ya tatu ni ya Papa Byamungu, fundi cherehani, muzee anayeishi peke yake. Chumba chake cha kulala kimeshuka chini ya barabara, godoro liko sakafuni. Kila asubuhi anaamuka kichwa kinauma na miguu mizito. Alikuwa amekunywa dawa za palu, yaani malaria, mara tatu, na bado.

Nikaingiza kijiti kutoka mulangoni. Juu, moto ulikuwa sawa. Nilipofika juu ya muto wake wa kulalia, moto ukawa mudogo, ukageuka kama punje. Nikateremusha kidogo tena, usawa wa godoro.

Ukazimika.

Muzee aliangalia moshi wa buji muda murefu. Tuliburuta godoro kwa kamba, tukalipeleka chumba cha juu anachoshonea, tukalilaza juu ya meza mbili.

Siku nne baadaye alipita kwetu akienda misa. Akasimama mulangoni, hakuingia hata.

"Papa Neema," akasema, "leo niliamuka na kichwa changu."

Akaendelea na njia yake.

Funzo nililopata ni hili: kabla ya kuziba kitu katika nyumba ambayo hukuijenga, tafuta aliyeishi humo kabla yako, au jirani yake, umuulize kilikuwa cha kazi gani. Na akikuambia "usifunge" bila kujua sababu, usimudharau kwa hilo. Pia musiingie kabisa mahali ambapo moto unazimika, hata kwa dakika moja. Mimi nilikuwa na bahati, sikuwa na akili.

Sasa niambieni wenye elimu ya haya mambo. Nimepima kwa wiki kadhaa: asubuhi alama inapanda, mchana inashuka, na baada ya mvua kubwa inapanda tena. Kwa nini inafanya hivyo? Na wale wa huku kwetu, ni nani mwingine ana chumba kilichoshuka chini, na nani analala humo?